Barua ya wazi kwa wasimamizi wa raga ya shule: shusheni mstari wa kukaba hadi chembe cha moyo

Kwa Mwenyekiti na kamati ya Shirikisho la Raga Kenya, KRU. Kwa viongozi wa Chama cha Michezo cha Shule za Sekondari, KSSSA. Nakala kwa Wizara ya Elimu.

Waheshimiwa,

Nitatanguliza ombi, maelezo yafuate. Kabla ya mechi za muhula wa kwanza ujao, andikeni kanuni ya raga ya shule kwamba mchezaji asikabwe, yaani asishikwe na kuangushwa, juu ya chembe cha moyo, pale mfupa wa kifua unapoishia. Pamoja na hiyo, mpeni mwamuzi kadi ya tatu, ya bluu, ya kumtoa uwanjani mtoto aliyegongwa kichwa, hata kama hakuna aliyefanya kosa. Naomba hayo mawili tu. Mengine mengi yanahitaji kurekebishwa, kuanzia nauli za timu hadi vyoo vya wachezaji, lakini hayo yana barua zake.

Ninachezesha mechi za shule huku Magharibi, ambako ngoma za isukuti hupigwa kuanzia asubuhi na mashabiki wanaojua raga kuliko waamuzi wamejaa kando ya uwanja. Mchezo huu naupenda. Ningekuwa siupendi, ningeandika kuomba ufutwe shuleni, na ningekuwa na wenzangu wenye elimu kubwa: Machi 2016, madaktari na wasomi zaidi ya 70 waliiandikia serikali ya Uingereza barua ya wazi wakitaka kukabana kuondolewe kabisa kwenye raga ya shule. Serikali ilikataa. Nami nadhani walikosea njia, ingawa hofu yao ilikuwa ya kweli. Kijana asiyefundishwa kukaba akiwa shuleni atakuja kujifunza klabuni akiwa na miaka 19, mbele ya mtu mzima wa kilo 110 anayemjia mbio, na hapo hakuna mwalimu wa kusimamisha zoezi. Afundishwe mapema, na afundishwe chini.

Sheria tuliyo nayo hairuhusu fujo, hilo lieleweke. Kifungu cha 9.13 cha sheria za Shirikisho la Raga Duniani kinakataza kumkaba mtu juu ya mstari wa mabega, hata kama mkono ulianzia chini ukapanda. Kifungu cha 9.16 kinakataza kumgonga mtu bila kujaribu kumshika. Cha 9.18 kinakataza kumwinua mtu na kumwangusha kwa kichwa. Kwenye karatasi, mtoto amelindwa.

Shida iko kwenye vipimo vya mwili. Kutoka bega hadi kidevu ni upana wa kiganja. Mkabaji akilenga kifua cha juu, jambo ambalo sheria inamruhusu, kisha mbebaji wa mpira ainame kidogo tu, vichwa viwili vinakutana. Nani mkosaji? Mimi niko hatua kadhaa nyuma, nakimbia, jua la Februari liko usoni, sina refa wa televisheni wa kunirudishia picha. Nikipuliza filimbi, kichwa kimeshagongwa. Kadi nyekundu humwadhibu aliyegonga, haimponyi aliyegongwa. Mstari ukiwa kwenye chembe cha moyo, napuliza mapema zaidi: nikiona mkono umefika kifuani ni penalti, ingawa wote wawili wameinuka wazima na wanacheka. Baada ya wiki tatu za penalti za namna hiyo kila kocha atakuwa amebadilisha mazoezi yake, kwa sababu hakuna kocha anayependa kupoteza pointi tatu kwa jambo analoweza kulirekebisha.

Liko jambo moja ambalo mashabiki wetu hawalijui, na nikilisema kwenye semina hata makocha huguna. Tunapofikiria hatari ya kukabana, tunamwonea huruma mbebaji. Hesabu inasema vingine. Watafiti wa Shirikisho la Raga Duniani walichambua visa zaidi ya 600 vya wachezaji wa kulipwa waliotolewa uwanjani kuchunguzwa vichwa. Karibu visa vitatu kati ya vinne vilitokana na kukabana, na ndani ya hivyo, karibu vitatu kati ya vinne aliyeumia alikuwa mkabaji mwenyewe. Aliyekwenda amesimama wima alijiweka hatarini kuliko aliyeinama. Kwa hiyo kijana anayeshangiliwa kwa sauti ya “Mlaze! Mlaze!” ndiye tunayemtuma kwenda kuumia. Kanuni ninayoomba inamlinda yeye kwanza.

Msidhani ni jambo jipya wala la majaribio ya gizani. Ufaransa walilifanya baada ya msiba. Mwaka 2018 vijana kadhaa wa raga walifariki nchini humo baada ya kuumia uwanjani, na taifa zima likalizungumzia. Msimu wa 2019 walishusha mstari hadi kiunoni kwa ngazi za wasiolipwa, na wakakataza wachezaji wawili kumkaba mmoja kwa wakati mmoja. Takwimu walizotoa baadaye zilionyesha migongano ya kichwa kwa kichwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2023 Shirikisho la Raga Duniani likazishauri nchi wanachama zijaribu kukaba chini ya chembe cha moyo kwenye raga ya wasiolipwa, na Afrika Kusini na New Zealand ni miongoni mwa waliolipokea. Hao si watu wa kuogopa kugongana.

Uingereza nao wametuachia mafunzo mawili, yote mawili ya uchungu, na ninaomba myasome kwa makini kabla ya kuandika chochote.

La kwanza ni la msimu wa 2018/19. Walishusha mstari hadi kwapani kwenye kombe la ligi yao ya daraja la pili, timu za kulipwa. Januari 2019 wakasitisha jaribio katikati, kwa sababu mitikisiko ya ubongo iliongezeka. Wapinzani wa jambo hili huishia hapo: “Mnaona? Walijaribu ikashindikana.” Ila ukiuliza ni wapi iliongezeka, jibu linafundisha. Ilikuwa karibu na rundo la wachezaji, pale mbebaji anapopokea pasi fupi na kuinama mara moja kujipenyeza. Mkabaji kaambiwa ainame, mbebaji naye kainama, vichwa vikakutana chini badala ya juu. Kanuni ilimfunga mmoja ikamwacha mwingine. Kwa hiyo kanuni yetu imtaje mbebaji pia: haruhusiwi kuangusha kichwa chake ghafla sekunde ya mwisho anapokabiliwa. Nami mwamuzi nipewe uwezo wa kumwadhibu yeye, hata kama ndiye mwenye mpira na uwanja mzima unamshangilia.

La pili ni la Januari 2023. Chama cha raga cha England kilitangaza mstari wa kiunoni kwa raga yote ya wasiolipwa bila kuwaandaa watu wake. Klabu zilikuja juu, makumi ya maelfu wakatia saini kupinga, na kabla mwezi haujaisha chama kikaomba radhi hadharani. Mwishowe kikapandisha mstari hadi chini ya mfupa wa kifua, ndio huu ninaouomba mimi. Waheshimiwa, msitutumie waraka siku ya Ijumaa wa kutumika Jumamosi. Tunawajua.

Kwa nini nang'ang'ania muhula wa kwanza? Kwa sababu ndio muhula wa raga ya wachezaji kumi na tano, na ndio wakati wa kiangazi. Kuanzia Januari hadi Machi viwanja vyetu vingi vimekauka, nyasi zimebaki kwenye kona, katikati ni udongo uliopasuka. Kichwa kikikwepa goti la mtu hakikwepi ardhi hiyo. Halafu kuna tofauti ya miili. Kwenye timu moja ya shule unamkuta kijana aliyetoka shule ya msingi juzi, na mwenzake mwenye ndevu anayekaribia miaka 20. Mashindano yetu yanapangwa kwa shule, hayapangwi kwa umri wala kwa kilo. Sijui kama hilo litabadilika karibuni, lina gharama zake. Lakini pale ambapo hatuwezi kusawazisha miili, tunaweza angalau kushusha mkono wa mrefu usikutane na shingo ya mfupi.

Na msiniambie kwamba raga haiwezi kuwa na sheria tofauti kwa watoto. Inazo tayari. Chini ya miaka 19, timu haiwezi kusukuma skramu, pale wachezaji wanapofungana mabega na kusukumana, zaidi ya mita 1.5, na kila kipindi ni dakika 35 badala ya 40. Walioandika hayo walifikiria shingo ya mtoto na pumzi ya mtoto. Kichwa chake kipo juu ya shingo hiyo hiyo.

Sasa kukaba kwenyewe, maana kanuni bila mafunzo ni kuwatega watoto. Kwenda chini hakumaanishi kujitupa miguuni. Goti na nyonga ni mifupa migumu, na anayetanguliza kichwa mbele ya magoti ya mtu anayekimbia anaweza kuumia vibaya kuliko aliyesimama wima. Sehemu salama ni kati ya mapaja na chembe cha moyo. Mkabaji asogee kwa hatua fupi, akunje magoti badala ya kupinda mgongo, macho yaangalie mbele, kichwa kikae upande wa nyuma wa mbebaji, shavu lishikane na kalio, bega ndilo ligonge, mikono ifunge, miguu iendelee kutembea. Kijana anaweza kuyajua hayo ndani ya wiki mbili, akianzia amepiga magoti kwenye nyasi, kisha akichuchumaa, kisha akitembea, na mbio ziwe za mwisho kabisa. Vifaa havihitajiki. Anachohitajika ni mwalimu aliyeonyeshwa. Na walimu wetu wengi wa raga ni walimu wa historia au kemia waliopewa timu kwa sababu waliwahi kucheza chuoni, wengine hata hawakucheza. Wanajitolea, wanastahili shukrani, na hakuna aliyewahi kuwaketisha chini akawaonyesha.

Afrika Kusini walilitatua hilo mwaka 2009 kwa mpango wao wa BokSmart: kila kocha na kila mwamuzi lazima apite kozi ya usalama, na airudie kila baada ya miaka miwili. Chanzo chake kinarudi nyuma hadi 1980, mchezaji Chris Burger wa Western Province alipofariki kwa jeraha la uwanjani na wenzake wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia walioumia. Sisi hatuhitaji kubuni kitu. Tuombe mtaala wao, tutafsiri, tufundishe siku ya Jumamosi kwenye bwalo la shule yoyote.

Nije kwenye kadi ya bluu, ambayo kwangu ina uzito sawa na mstari, pengine zaidi.

Mtikisiko wa ubongo hauonekani kama goti lililovunjika. Mtoto ameinuka, amejifuta vumbi, anasema yuko sawa. Anasema yuko sawa kwa sababu kocha anamtazama, kwa sababu bweni zima limekuja, kwa sababu ana miaka 16. Nimewahi kumsimamisha kijana aliyekuwa akielekea upande usio wake, nikamtoa, na mwalimu wake akaja juu: nani kanipa mamlaka ya udaktari? Kwa sheria ilivyo mwamuzi anaweza kumtoa aliyeumia, lakini yasipoandikwa wazi yatakayofuata, mabishano hayaishi, na wiki ijayo kijana yule yule anapangwa tena.

Linaloweza kuua ni pigo la pili. Mwaka 2011, kule Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa kwenye mechi ya shule, akahudumiwa zaidi ya mara moja, akarudishwa kucheza, akaanguka dakika za mwisho na kufariki. Mwaka 2013, jijini Ottawa, Kanada, msichana wa miaka 17 aliyekuwa nahodha wa timu ya raga ya shule yake aligongwa kichwa mara kadhaa ndani ya siku chache na kuendelea kucheza, mpaka la mwisho likamuua. Baraza la uchunguzi wa kifo chake lilitoa mapendekezo 49, na mwaka 2018 jimbo la Ontario likapitisha sheria inayobeba jina lake, Sheria ya Rowan: mchezaji akishukiwa tu kuwa na mtikisiko anatolewa mara moja, na harudi bila idhini ya mtaalamu wa afya. Neno zito hapo ni kushukiwa. Hakuna anayetakiwa kuthibitisha chochote kando ya uwanja. Nawakumbusha pia kwamba kwetu wasichana sasa wanacheza raga ya wachezaji saba kila upande kwenye mashindano ya shule, na kila ninachosema kinawahusu wao vilevile.

Kadi ya bluu inatumika New Zealand na Ufaransa. Mwamuzi akiiona dalili anaiinua, na hapo mchezaji ametoka. Si adhabu, timu inaingiza mwingine, na jina linaandikwa kwenye ripoti ya mechi linafika kwenye chama. Kuanzia hapo hawezi kusajiliwa kwa mechi hadi mapumziko ya lazima yaishe. Mwongozo wa sasa wa dunia kwa raga ya wasiolipwa ni siku 21 angalau. Wale wa kulipwa tunaowaona kwenye televisheni wakitolewa dakika 12 na kurudi wana daktari, video na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya msimu. Sisi tuna ndoo ya maji na mwalimu wa zamu. Dakika 12 si zetu.

Dalili zenyewe mwalimu yeyote anaweza kuziona: kuyumba, kulala bila kujitikisa, kushika kichwa, macho yasiyotulia, kutapika, hasira au kilio kisicho na sababu. Yako pia maswali matano yanayotumika duniani kote, na yanaulizika kwa Kiswahili bila shida. Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosea moja, ametoka. Akipatia yote hajathibitishwa kuwa mzima, kwa hiyo kama alionyesha dalili nyingine bado anatoka. Hili la pili ndilo linalosahaulika.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Mashindano yetu ya kaunti, kanda na taifa yamebanwa ndani ya wiki chache. Siku 21 zinaweza kumaliza msimu mzima wa mtoto aliyeisubiri nafasi hiyo tangu akiwa kidato cha kwanza, na yuko anayetegemea raga kuonwa na chuo kikuu au klabu ya Kenya Cup, ligi kuu yetu. Ndiyo maana watoto wataficha, na baadhi ya walimu watasaidia kuficha. Sioni dawa kamili. Naona nafuu tatu: orodha ya wachezaji iongezwe ili shule isiadhibiwe kwa kumtoa mtu, timu isicheze mechi mbili kamili siku moja, na shule ikibainika imemchezesha mtoto mwenye kadi ya bluu ipoteze mechi hiyo, sawasawa na inavyopoteza ikichezesha mamluki, mchezaji asiyeruhusiwa kuichezea. Mnajua vizuri jinsi shule zinavyoogopa rufaa ya mamluki. Uoga huo uleteni na huku.

Pingamizi jingine ni la wazee wa raga, wale wa “zamani tuliangukia mawe na tuko hapa.” Walio hapa ndio wanaosema. Steve Thompson alikuwa kwenye skramu ya England iliyotwaa Kombe la Dunia 2003, na Desemba 2020 alitangaza kwamba ana dalili za mapema za kupoteza kumbukumbu na haikumbuki fainali ile. Kuna kesi mahakamani huko Uingereza ya wachezaji wengi wa zamani dhidi ya vyama vyao. Sitaki kuwatisha kwa mawakili, ila KRU ina wanasheria, wawasomee.

Na kuna wanaosema mchezo utalegea. Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, walipoifunga Fiji 30-7 na kulitwaa taji la Singapore Aprili 2016, ni nani aliyekaa akahesabu waliokabwa shingoni? Tulishangilia mbio, pasi za mkononi, na trai. Mkabaji wa chini humwachia mbebaji mikono yake huru, na mikono ikiwa huru mpira unaendelea. Kama kuna kitakachobadilika, ni kwamba tutaona pasi nyingi zaidi.

Basi utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Rasimu ya kanuni, ukurasa mmoja, itumwe kwa matawi ya waamuzi na walimu wa michezo muhula huu. Kikao cha siku moja kila kanda wakati wa likizo ya Desemba, cha vitendo na si cha hotuba, waamuzi na makocha pamoja, ili tubishane kabla ya msimu badala ya kubishana mbele ya watoto. Wiki mbili za mwanzo ziwe za maelezo, mwamuzi apulize na kueleza, kadi za njano zianze wiki ya tatu. Kila ripoti ya mechi iwe na nafasi ya kadi za bluu, na mwisho wa muhula mtutangazie zilikuwa ngapi, za wapi, zilitolewa dakika gani. Idadi ikipanda mwaka wa kwanza msishtuke, maana zitakuwa ni zile zilizokuwa zikifichwa.

Kadi zenyewe hazitawagharimu. Karatasi ngumu ya bluu inapatikana duka lolote la vitabu, tutajikatia wenyewe. Kutoka kwenu tunahitaji saini.

Wenu katika mchezo,

Mwamuzi wa raga ya shule,
Kakamega